Mazoezi ya kimoyomoyo baada ya kubadilishwa goti: kuhisi, kutazama au kusikiliza?

Mama alipasuliwa goti la kulia jijini Dar es Salaam katikati ya mfungo wa Ramadhani wa 2024, na baada ya Idi tukarudi naye Mikindani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mdogo wake, mjomba wangu, anayeishi Lindi mjini upande wa Mtanda. Wote wawili niliwauguza mimi. Na wote wawili, pamoja na mazoezi ya kawaida ya mguu, walipewa kazi moja ambayo mwanzoni niliiona ya kupoteza muda: kukaa kimya na kuufanya mwendo akilini kabla ya kuufanya kwa mguu. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyekuwa akija kwetu aliyaita mazoezi ya taswira. Mama akayapa jina lake, mazoezi ya kimoyomoyo, kama mtu anavyosoma kimoyomoyo bila kutoa sauti, na jina hilo ndilo lililobaki nyumbani.

Nilipotafuta maelezo ya kunisaidia, nilikuta njia zote zimetiwa kapu moja, kana kwamba kufumba macho na kuwaza ni kitu kimoja tu. Sivyo. Kuna kujiona kama unavyotazamwa na mtu aliye pembeni. Kuna kuusikia mwendo ndani ya mwili wako. Kuna kumtazama mwenzio akifanya. Kuna kusikiliza sauti inayokutuliza na kukuongoza. Iliyomfaa mama haikumfaa mjomba, na tulipoteza wiki mbili nzima za mama kwa kung'ang'ania isiyo yake. Hizo wiki mbili ndizo ninazotaka kumwokolea anayesoma haya.

Kwanza, kwa nini akili iingie kwenye habari za goti

Goti la bandia likishakaa mahali pake, kinachomshinda mgonjwa kunyanyua mguu si kile chuma na plastiki iliyowekwa. Ni msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mwezi mmoja baada ya upasuaji, nguvu za msuli huo huwa zimeshuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na kabla ya kupasuliwa. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2005 waliona kwamba kusinyaa kwa nyama ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu kubwa ni ubongo kushindwa kuuamsha msuli wote. Goti lililovimba hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo unauzuia msuli usikaze, kama namna ya kulilinda goti. Ulinzi huo ukizidi unageuka kizuizi.

Mama aliusema ukweli huo bila kusoma popote. Siku ya tano alikuwa kitandani, kanga imeviringishwa chini ya kisigino ili goti linyooke (chini ya kisigino, narudia, kwa sababu majirani wenye huruma huja kuusogeza mto chini ya goti, na goti likizoea kulala limekunjwa kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa). Mtaalamu akamwambia akaze paja. Akakaza uso, akakaza ngumi, akakaza na mguu wa kushoto. Paja la kulia limelala. Akasema, "Mwanangu, mimi nauita, haunisikii."

Kwa kuwa tatizo limekaa kwenye wito, inaingia akilini kufanyia kazi wito wenyewe. Mtu akiuwaza mwendo kwa makini, sehemu nyingi za ubongo zinazoandaa mwendo wa kweli huwa kazini. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole wa Marekani waliwataka vijana wazima wawaze, kwa wiki nne, kwamba wanakaza msuli wa kidole kidogo cha mkono. Nguvu za kidole zikapanda kwa asilimia 22, na za waliokaza kwelikweli zikapanda asilimia 30. Kidole cha kijana si goti la mama mtu mzima, lakini baadaye njia hiyo ilijaribiwa pia kwa waliobadilishwa goti. Nchini Slovenia wagonjwa 26 waligawanywa. Walioongezewa mazoezi ya kuwaza msuli wa paja ukikaza walipoteza nguvu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliopata tiba ya kawaida peke yake. Majaribio mengi ya namna hii ni ya watu wachache, ishirini, thelathini, sitini. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kozi ya kuponya goti kwa mawazo, mfungie mlango. Njia hizi zote ni nyongeza juu ya mazoezi ya kweli, na hazijawahi kuwa badala yake.

Kujiona na kujisikia

Hapa ndipo tulipopotelea. Kijana wetu wa mazoezi tiba, hodari na mwenye adabu, alianza na njia ambayo wengi huanza nayo: kujiona kwa nje, kama unajitazama kwenye picha ya video.

"Shikamoo bibi. Leo tufumbe macho. Jione umekaa kwenye kiti hiki, jione unanyanyuka. Unaona nini?"

"Marahaba, baba. Najiona naanguka."

Wakajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara picha ile ile. Mama alikuwa ameanguka mara mbili kabla ya upasuaji, mara moja kwenye ngazi za msikitini, na kila alipojitazama kwa mbali alimwona yule mama wa ngazini. Akawa anamaliza zoezi ana jasho na hofu zaidi ya alivyoanza. Mimi nikasema mambo haya hayatufai, tuyaache.

Kijana hakuyaacha, aligeuza swali. Akamwambia, "Basi bibi, usijione. Shika mikono ya kiti. Unasikia nini miguuni?"

"Nasikia sakafu. Baridi."

"Mguu gani unaisikia zaidi?"

"Wa kushoto."

"Ugawie na wa kulia sehemu yake. Polepole, usinyanyuke bado. Kimoyomoyo tu."

Mama akakaa kimya kama dakika nzima. Nikaona kitu ambacho sikukitarajia: juu ya goti, upande wa kulia, nyama ya paja ikatikisika kidogo. Alipofumbua macho akasema, "Limeitika."

Nimelifikiri sana swali lile. Kiswahili chetu hakitenganishi sikio na mwili. Twasema nasikia baridi, nasikia maumivu, nasikia usingizi. Mzee wa huku ukimuuliza "unaona nini?" unampeleka nje ya mwili wake, ukimuuliza "unasikia nini?" umemrudisha ndani, na kwa mtu mwenye hofu ya kuanguka ndani ndiko kwenye usalama. Mama amesuka mikeka tangu utoto. Mkono wake unaujua ukili usiku, taa imezimika. Mtu wa namna hiyo mwili wake unakumbuka kwa kugusa na kukaza, na njia ya kujisikia imemfaa kwa sababu hiyo. Wiki ile tulipohama kutoka kujiona kwenda kujisikia ndiyo aliyoanza kunyanyuka kitini bila mimi kumshika kwapani.

Sasa mjomba. Yeye ameendesha malori miaka mingi, akishusha korosho kutoka Newala na Tandahimba kuja bandarini Mtwara. Dereva wa lori lenye tela akirudi nyuma analiona gari zima kichwani, hata pembe ambayo vioo havionyeshi. Nilikuja kwake na ujuzi wangu wa Mikindani nikiwa na uhakika wote. Nikamwambia, "Mjomba, fumba macho, niambie unasikia nini pajani."

"Sisikii kitu, mpwa wangu. Naona."

"Unaona nini?"

"Naona ngazi zangu tano za mlangoni. Ya tatu imemeguka pembeni. Na najiona mimi, nimeinama kushoto kama gari lililokatika springi."

Hapo kujiona kwa nje kukafanya kazi ambayo kujisikia kusingeweza. Mjomba alikuwa akitembea ameegemea upande mmoja na hakuna aliyefanikiwa kumweleza akaelewa; alipojitazama mwenyewe kimoyomoyo aliona, akajinyoosha. Kwa kurekebisha umbo la mwendo, kuinama, kuburuta nyonga, kutazama chini muda wote, picha ya nje inashinda.

Ila picha ya nje ina hila yake, nayo ni haraka. Nilichukua simu nikapima. Akilini alipanda ngazi zake tano kwa sekunde 6. Kwa miguu, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye fimbo, zilimchukua sekunde 29. Hiyo si safari ile ile. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba mtu mzima akiwaza anatembea umbali fulani, muda wa mawazo hukaribiana na muda wa miguu. Jean Decety na Marc Jeannerod wa Lyon, Ufaransa, walilichunguza jambo hili. Muda ukitofautiana hivyo, mgonjwa anatazama picha za zamani za mwili aliokuwa nao, hafanyi zoezi la mwili alio nao. Tukamwekea masharti: kila ngazi aitaje. Kupanda, mguu mzima kwanza, kisha wa goti jipya, kisha fimbo. Kushuka, fimbo na mguu wa goti jipya kwanza, mzima ufuate. Kwa kutaja hivyo akafika sekunde 20 na kitu, nao muda wa miguu ukapungua ukamfuata huko huko.

Kipimo hicho ndicho nampa kila anayeniuliza, kwa sababu hakina gharama. Mgonjwa akishaweza kusimama salama, anyanyuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Pima kwa saa ya simu. Kisha akae afanye yote hayo kimoyomoyo, aseme "basi" akimaliza. Muda ukikaribiana, yumo ndani ya zoezi. Ukiwa mbali sana, badilisha njia au mpunguzie mwendo.

Ukinibana niseme moja, kwa wiki nne za mwanzo, paja likiwa bado limelala, nachagua kujisikia. Kwa mwezi wa pili, mtu akishatembea lakini anatembea vibaya, nachagua kujiona. Mjomba mwenyewe baadaye alianza kuchanganya: anatazama kwanza, kisha "anaingia", neno lake, kama anayepanda kwenye usukani.

Kutazama mwenzio

Wapo ambao hawaoni wala hawasikii kitu wakifumba macho. Si ujinga wala uvivu. Watu tumeumbwa tofauti katika hili kama tulivyo tofauti katika kukumbuka sura. Wengine dawa za maumivu zinawalewesha, wengine umri umewapunguzia uwezo wa kushika jambo akilini kwa dakika tano. Kwao ipo njia isiyodai kuwaza sana: kumtazama mtu akifanya mwendo, kisha kuufanya.

Asili ya wazo hili ni Parma, Italia, ambako mwaka 1992 kundi la Giacomo Rizzolatti lilieleza chembe za ubongo wa nyani zinazoamka nyani anapokamata kitu na pia anapomtazama mwingine akikikamata. Italia hiyo hiyo mwaka 2010 ilitoa jaribio la wagonjwa 60 waliotoka kwenye upasuaji wa mifupa, wa nyonga na wa magoti. Waliotazama video za kazi za kila siku na kuziiga waliweza kujihudumia vizuri zaidi kuliko wenzao waliotazama video zisizo na mwendo wa mtu.

Kwetu njia hii ilianza vibaya. Nilimwonyesha mama video niliyoipata mtandaoni: chumba cheupe, ngazi za mbao zenye vishikio pande zote mbili, mzee wa Kizungu aliyevaa viatu vya michezo. Mama akatazama kwa heshima hadi mwisho, akaniambia, "Huyo ana ngazi zake. Mimi nina kizingiti."

Kizingiti chenyewe ni cha nyumba ya zamani ya mawe, kimeinuka, na ukishakivuka unashuka ghafla kwenye baraza. Basi nikamwita jirani aliyebadilishwa goti miaka miwili kabla yake. Akaja na kanga zake na kandambili zake, akakivuka kile kile kizingiti mara sita, mimi nikirekodi kwa simu nimechuchumaa usawa wa goti, mara kutoka pembeni, mara kutoka nyuma. Video ya sekunde 40. Haikuhitaji bando, na mama aliitazama kila alipomaliza sala ya asubuhi na ya alasiri, kisha anasimama na kuvuka, mimi nikiwa nyuma yake. Tofauti kati ya video ile ya kigeni na hii ya kwetu ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya njia na njia, na ninaamini kwa dhati kwamba anayetazama anahitaji kumwona mtu wa rika lake, mwenye mwili kama wake, mahali pake.

Ubaya wa kutazama ni kwamba kunalaza. Mgonjwa anaweza kuangalia video kumi kama anavyoangalia tamthilia, na paja halijaambiwa neno. Ukichagua njia hii fanya sharti: tazama mara mbili, fanya mara tano, zima simu. Na usimrekodi mtu anayefanya vibaya. Nusura nitumie video ya ndugu mmoja aliyekuwa akishuka kwa mguu mzima kwanza. Kosa lake lingekuwa somo la mama.

Kusikiliza

Njia ya nne ni sauti iliyorekodiwa: pumua polepole, legeza mabega, jione mahali unapopapenda, sasa goti linapoa, sasa unatembea. Imejaribiwa Marekani kwa watu 82 wa goti. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba walioisikiliza walikuwa na mwendo wa kasi zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopewa rekodi nyingine za kawaida.

Mimi siihesabu kama zoezi la paja. Naihesabu kama dawa ya usiku. Wiki ya pili na ya tatu wagonjwa wa goti hawalali. Mchana wanajikaza mbele ya wageni, usiku goti linadunda. Mjomba nilimrekodia dakika nane kwa sauti yangu mwenyewe, ndani yake barabara ya Mingoyo asubuhi na mapema, dirisha wazi, hakuna gari lingine. Alikuwa hamalizi, usingizi umeshamchukua. Mama sikumrekodia kitu. Yeye alikuwa na tasbihi yake na dhikri yake, pumzi imeshatulia kuliko rekodi yoyote ingeweza kumtuliza, na sikuona sababu ya kumtoa huko nimpeleke kwenye maneno yangu. Anayeuguza Mkristo atakuta vivyo hivyo kwenye sala au kwenye nyimbo.

Kama mgonjwa wako analala vizuri na hana hofu, iruke njia hii bila majuto. Kama halali, anza nayo hii kabla ya nyingine zote, kwa sababu mtu aliyechoka hawezi kuwaza mwendo.

Utasikia pia habari za kioo: kuweka kioo katikati ya miguu ili mguu mzima uonekane kama ndio mgonjwa. Ni njia iliyoanzia kwa waliokatwa viungo na ikaenda kwa waliopooza. Kwa goti la bandia lililopona kawaida sioni kwa nini ujisumbue, isipokuwa mtaalamu wako amekuambia.

Ipi kwa nani

Jaribio la siku ya kwanza ni la maswali mawili. Mwambie mgonjwa awaze ananyoosha goti akiwa amekaa, mara tatu. Kisha muulize: picha uliiona wazi kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5? Na mwendo uliusikia kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5? Mama alisema picha 4, kusikia 4, lakini picha ilikuwa ya kuanguka, kwa hiyo usiishie kwenye namba, uliza kilichoonekana. Mjomba alisema picha 5, kusikia 1. Akisema 1 na 1, mpeleke kwenye kutazama na usimchoshe.

Namna tulivyopangiwa sisi: mara tano kimoyomoyo, mara tano kwa mguu, hapo hapo, kwenye kiti kile kile au mlango ule ule, macho yamefumbwa wakati wa kuwaza na yamefumbuliwa wakati wa kufanya. Asubuhi, alasiri na jioni, kila mara isizidi robo saa. Kulala kitandani na kuwaza ngazi kulimsaidia mama kidogo tu. Kukaa mbele ya ngazi zenyewe, mkono kwenye ukuta wenyewe, kulimsaidia sana.

Chagua mwendo kwa maisha ya mtu, si kwa karatasi. Karatasi ya mama iliandika kutembea, ngazi, baiskeli ya mazoezi. Yeye hofu zake zilikuwa choo, kibao cha mbuzi na bajaji. Hapa inabidi kusema ukweli bila kumpamba mtu: goti la bandia kwa kawaida hukunja nyuzi 110 au 120 hivi, na kuchuchumaa kabisa kunadai zaidi ya hapo. Usimfanyishe mtu mazoezi ya kimoyomoyo ya mwendo ambao daktari wake hajauruhusu, maana akili itauandaa na siku moja mwili utaujaribu. Tulimtafutia kiti cha kuwekwa juu ya choo. Nazi akawa anazikuna mjukuu. Kwa kukaa barazani tulipandisha viti viwili vya plastiki kimoja juu ya kingine, vyenye mikono, ili goti lisikunjwe mno. Sala akaswali kwenye kiti.

Kuna siku ambazo mazoezi haya yanabeba zaidi ya kawaida. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani, mvua ziliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na kliniki ya wiki ya sita ikapita tukiwa Mikindani. Uwanja ulikuwa utelezi mtupu. Mama alitembea ndani, kutoka chumbani hadi barazani na kurudi, na matembezi ya nje akayafanya kimoyomoyo amekaa mlangoni, akiutazama uwanja, hatua kwa hatua hadi kwenye mwarobaini. Mvua ilipokatika alifika kwenye mwarobaini siku ya kwanza. Siwezi kukuambia ni kiasi gani kilitokana na mawazo na kiasi gani na vile vyumba. Najua tu kwamba hakuwa na hofu.

Mengine ni ya kusimamisha zoezi mara moja. Wapo ambao kuwaza mwendo peke yake kunawaongezea maumivu. Wapunguzie, wawaze goti likikunjwa kidogo tu, au warudi kwenye kupumua, na mweleze mtaalamu. Kigimbi kikivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha au kikiwa chekundu na cha moto, homa ikipanda, pumzi ikibana, hapo hakuna cha kimoyomoyo: hospitali, siku hiyo hiyo. Na usingoje safari ya Dar kwa kila swali. Ulizia mazoezi tiba kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini na Ligula hapa Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, Ndanda au Nyangao kwa walio bara. Ukienda, chukua na ile video ya kizingiti chako, wamwone mgonjwa anavyoishi.

Kuacha nako kuna wakati wake. Mwendo ukishatoka wenyewe, mtu anaongea na jirani huku anashuka ngazi, zoezi la kimoyomoyo kwa mwendo huo limekwisha na kuliendeleza ni kumrudisha kwenye kujihesabu hatua. Mjomba aliacha yote mwezi wa tatu. Mama aliacha kiti, akaacha kizingiti, akabakiza bajaji peke yake: kurudi nyuma hadi kiti kimguse vigimbi, kukaa, ndipo kuingiza miguu mmoja mmoja. Mpaka leo bajaji ikisimama pale stendi ya Mikindani, anasimama kando yake ameshika bomba, macho nusu yamefumbwa. Madereva wageni hudhani anazidiwa.

"Bibi, twende?"

"Subiri, baba. Naingia kwanza, ndipo nipande."